Damu, mkojo, nywele au hewa? Kipimo gani kinakufaa kama unafanya kazi na zebaki, risasi na metali nyingine

Wadau, kila nikiona mtu anauliza "wapi wanapima sumu ya zebaki mwilini" majibu yanayokuja ni majina ya hospitali na bei tu, hakuna anayemuuliza wewe unachoma dhahabu au unakula papa mkavu kila siku, mara ya mwisho umeshika zebaki lini, na unataka kujua ya wiki hii au ya miaka yote uliyokaa machimboni. Hapo ndo hela inapotea, na siyo hela tu, maana mtu anatolewa damu, anapewa karatasi imeandikwa kawaida, anarudi karashani, kule mawe ya dhahabu yanakosagwa, roho imetulia, kumbe kile kipimo hakikuwa chake kabisa. Metali haziishi mwilini kwa namna moja. Nyingine inakaa kwenye damu mwezi mmoja alafu inahamia kwenye mifupa, nyingine inakimbilia figo, nyingine inatoka ndani ya siku chache hata ukichelewa wiki moja tu kupima hukuti kitu. Kwa hiyo nalinganisha vipimo vyenyewe, kimoja kwa kingine.

Damu na mkojo

Kama kazi yako ni betri za gari, kuyeyusha chuma chakavu, rangi za zamani, au unaishi karibu na wanaofanya hivyo, shida yako kubwa ni risasi, na kwa risasi jibu halina mjadala: damu. Karibu risasi yote iliyomo kwenye damu imejishika kwenye chembe nyekundu, ndo maana wanapima damu nzima, hawachuji ute wake. Nusu ya risasi ya kwenye damu inaondoka ndani ya mwezi hivi, kwa hiyo kipimo kinakuambia zaidi habari za wiki na miezi ya karibuni. Lakini haiondoki yote kwenda nje, nyingi inaingia mifupani na huko inakaa miaka 20, 30, ndo maana fundi aliyeacha kazi ya betri zamani bado anaweza kukutwa na damu iliyo juu, mifupa inarudisha kidogo kidogo. Kwa mwanamke mjamzito au anayenyonyesha hili ni zito zaidi, kwa sababu mwili unachota madini ya mifupa kumjenga mtoto na risasi inakuja humo humo. Mkojo kwa risasi usihangaike nao, kwa mtu wa kawaida hausemi la maana.

Sasa zebaki ndo inachanganya wengi, kwa sababu kuna mbili. Ile inayochanganywa na dhahabu, ikichomwa inakuwa mvuke, unaingia kwa mapafu, unaishia kwenye figo na kutoka kwa mkojo, kwa hiyo mchomaji anapimwa MKOJO. Inachukua kama miezi 2 kupungua nusu, maana yake hata ukipima wiki 2 baada ya kuchoma bado utaonekana. Damu kwa mchomaji inaonyesha zaidi siku chache zilizopita, na ubaya wake inachanganya na zebaki ya pili, ile ya kwenye samaki. Hiyo ya samaki wakubwa wa baharini, papa, nduaro, jodari, ni ya aina nyingine, inaingia kwa tumbo na kutoka zaidi kwa choo kikubwa, kwenye mkojo haionekani vizuri kabisa. Kwa hiyo mama wa pwani anayekula papa mara kwa mara na ana mimba, ukimpima mkojo utamwambia yuko salama wakati hujamwambia chochote. Yeye ni damu au nywele.

Hili siyo nadharia ya mbali. Miaka ya 2000 mradi wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, ulifika Rwamagasa kule Geita, wakawapima watu damu, mkojo na nywele vyote kwa pamoja, na waliokuwa juu zaidi ni wale wanaochoma wenyewe, wenye kibati na moto mbele ya uso. Ukipima kitu kimoja tu kwa kila mtu pale kijijini picha hiyo inapotea, unabaki na wastani usiomsaidia yeyote.

Jambo moja kwenye mkojo watu wanalipuuza, nalo ni maji. Mchimbaji aliyekaa juani tangu asubuhi hajanywa kitu, mkojo wake mzito, namba ya zebaki inapanda, mwenzake aliyekunywa lita 2 njiani kwenda hospitali mkojo mwepesi namba inashuka, na wote wamevuta moshi ule ule. Maabara inayojua kazi inapima na kreatinini, ambayo ni taka ya misuli inayotoka kwa kiasi kinachotabirika, alafu inaandika mikrogramu kwa kila gramu ya kreatinini. Na kama kreatinini iko chini ya gramu 0.3 kwa lita au imezidi gramu 3, mwongozo wa WHO ni kutupa ile sampuli na kuchukua nyingine. Ripoti ya mkojo isiyo na kreatinini mimi siwezi kuisoma kwa uhakika, na wewe usikubali wakusomee. Wajerumani wanasema chini ya mikrogramu 5 kwa gramu ya kreatinini hakuna hofu, ikifika 20 ni hatari ya kufanyia kazi, na wataalamu wa Marekani wa afya kazini wa ACGIH nao wameweka 20 hiyo hiyo kwa wafanyakazi.

Metali nyingine kwa haraka. Kadmiamu imegeuka kichwa chini: mkojo unaonyesha mzigo wa miaka mingi kwenye figo, damu inaonyesha ya karibuni, na mvuta sigara atakuwa juu hata kama hajawahi kugusa betri, kwa hiyo sema ukweli ukiulizwa. Aseniki ni mkojo, inatoka ndani ya siku 3 au 4 hivi, na usile samaki, kamba, pweza wala dagaa wa baharini kwa siku 4 kabla, kwa sababu wana aseniki ya aina yao isiyo na madhara lakini mashine ikipima jumla inaihesabu yote, unaweza kuogofya mtu bure kwa sababu ya mchuzi wa pweza. Kobalti pia ni mkojo, mwisho wa shifti, siku ya mwisho ya wiki ya kazi. Ndugu zetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hii inawahusu moja kwa moja, watafiti wa chuo cha Lubumbashi na wa Ubelgiji walichapisha 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha kule Katanga walikuwa na kobalti ya juu sana kwenye mkojo, na hawa siyo wachimbaji peke yao, ni majirani na watoto.

Manganizi inayowapata mafundi wa kuchomelea nasema kabisa, damu haifai sana na mkojo haufai kabisa. Mtu mwenye afya ana manganizi tayari mwilini na namba za watu zinapishana sana, kwa hiyo kwa fundi wa kuchomelea hela iende kwenye kupima hewa.

Kidole au mshipa?

Hapa naongelea risasi tu. Kuna mashine ndogo ya kubeba mkononi, inachukua matone 2 ya damu ya kidole na jibu linatoka ndani ya dakika 3 hivi, unaweza kwenda nayo kijijini bila jenereta kubwa wala maabara. Kwa kupima watoto wengi kwa mara moja ni nzuri sana na mimi naiunga mkono. Tatizo lake ni ngozi. Mtoto anayecheza kwenye udongo wenye risasi kidole chake kina risasi kwa nje, unachoma sindano tone linapita kwenye ngozi linabeba na uchafu, namba inaruka. Kupangusa na spiriti hakutoshi, lazima anawe kwa maji na sabuni, anasugua, anakaushwa kwa kitu safi na asiguse tena chochote, hata suruali yake.

Kwa hiyo ichukulie hivi: kidole kikisema chini, amini. Kikisema juu, usiamini bado lakini usilale, nenda mshipa. Mashine hizi zina mwisho pia, ile inayotumika sana inasoma kuanzia mikrogramu 3.3 mpaka 65 kwa desilita, juu ya hapo inaandika "juu" tu bila namba, na mtoto akiandikiwa hivyo ni dharura siku hiyo hiyo, siyo ya kusubiri kliniki ya wiki ijayo. WHO mwongozo wao wa 2021 unasema mtoto au mtu mzima akifika mikrogramu 5 kwa desilita tafuteni chanzo muondoe, na mtoto akifika 45 apewe dawa ya kutoa risasi.

Wasomaji wa Mombasa mnaijua habari ya Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifunguliwa 2007 ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, Phyllis Omido aliyekuwa mfanyakazi pale mwanae akaugua, akatibiwa magonjwa mengine kwanza, mpaka damu ilipopimwa risasi ndo ikajulikana. Kiwanda kikafungwa 2014. Tumbo kuuma, mtoto kukosa damu, dalili za risasi zinafanana na za malaria na minyoo, hakuna daktari anayeweza kuiona kwa macho, na kama hakuna anayeomba kipimo hiki mtoto atameza dawa za malaria mwaka mzima.

Nywele na kucha

Watu wanapenda nywele kwa sababu hakuna sindano, unakata unaweka kwenye bahasha basi. Na kwa kazi moja nywele ni kipimo kizuri ajabu: zebaki ya samaki. Nywele inakua kama sentimita 1 kwa mwezi na inafunga ndani yake zebaki iliyokuwa kwenye damu mwezi ule, kwa kiwango kama mara 250 ya kwenye damu. Kule Iraki msimu wa 1971 na 1972 watu walikula mkate wa ngano ya mbegu iliyopakwa dawa ya zebaki, maelfu waliugua, na watafiti walichukua nywele ndefu za akina mama wakazikata vipande vipande, wakaona mwezi gani wa mimba sumu ilipanda. Damu haiwezi kufanya hivyo hata siku moja. Kwa mjamzito wa pwani, wa visiwani, nywele zilizokatwa karibu kabisa na ngozi kisogoni, zikafungwa uzi upande wa kwenye ngozi ili maabara wajue mwanzo ni wapi, ni kipimo rahisi na cha kuaminika.

Ila kwa mchomaji dhahabu nywele zinadanganya. Mvuke unajishika kwenye nywele kwa nje, na hakuna namna ya kuosha ikatoka ya nje ikabaki ya ndani. Vivyo hivyo vumbi la risasi, vivyo hivyo vumbi la mawe yenye aseniki. Alafu kuna mkorogo. Miaka ya 1990 watafiti waliopima nywele za watu kuzunguka Ziwa Victoria upande wa Mwanza walikuta wengine wako juu sana, siyo kwa sababu ya dhahabu wala samaki, ni sabuni za kujichubua zenye zebaki. Dada yangu unayesoma hapa, kama umetumia mkorogo au sabuni ya kung'arisha usiyoijua imetoka wapi, kipimo chako ni mkojo, na beba na hiyo sabuni au krimu yenyewe nayo ipimwe.

Kucha za miguu zinasaidia kwa aseniki ya muda mrefu, mfano watu wanaokunywa maji ya kisima chenye aseniki miezi na miezi, maana ukucha unaokatwa leo uliota miezi kadhaa nyuma. Lakini mtu anayeshinda peku kwenye tope la mwalo, kucha zake zimepakwa tope lile lile, hapo sishauri.

Vile ambavyo usivilipie

Nisikilizeni vizuri kwenye hili maana watu wanaibiwa. Ile mashine ya kushika kijiti mkononi ambayo kwa dakika moja inatoa karatasi ya kurasa kibao, ini, figo, kongosho, na "sumu za metali" zikiwemo, haipimi metali yoyote. Hakuna tone la damu, hakuna mkojo, hakuna kitu kilichoingia kwenye mashine cha kupimwa. Na mara nyingi anayepima ndo huyo huyo anayeuza dawa za kusafisha mwili.

Cha pili kimevaa koti jeupe ndo maana kinawapata hata wasomi: unapewa kwanza dawa ya kuvuta metali, alafu unapimwa mkojo wa masaa yanayofuata. Dawa hiyo inavuta metali kidogo kwa kila mtu, kila binadamu ana risasi kidogo na zebaki kidogo, kwa hiyo namba LAZIMA ipande, alafu inalinganishwa na viwango vya watu ambao hawakupewa dawa. Chama cha madaktari wa sumu Marekani kilishasema tangu 2010 kwamba kipimo hiki hakijathibitishwa na hakina faida iliyoonyeshwa. Dawa zenyewe zikitolewa hovyo zinadhuru, kuna watoto walishakufa kwa kalsiamu kushuka baada ya kupewa dawa isiyo sahihi. Dawa za kuvuta metali zipo na zinaokoa maisha, lakini ni baada ya kipimo cha kweli, na daktari akisimamia.

Mwili au hewa na udongo?

Kipimo cha mwili kinakuambia imeingia. Hakikuambii imeingilia wapi. Kwa hiyo kwa mwenye karakana, kiongozi wa kikundi cha wachimbaji, au mwenyekiti wa mtaa, nashauri pande zote mbili.

Kupima hewa kazini kunafanyika hivi: mfanyakazi anavaa pampu ndogo kiunoni, mpira unapanda mpaka kwenye kola karibu na pua, mwisho wake kuna kikasha cha chujio, pampu inavuta kama lita 2 kwa dakika shifti nzima, alafu chujio linapelekwa maabara. Kwa mvuke wa zebaki kuna mashine zinazosoma papo hapo, na hizo faida yake ni kwamba mtu anaona kwa macho namba inavyoruka kibati kinapowekwa motoni na inavyotulia ikitumika retoti, yaani chombo cha kuchomea kinachonasa mvuke, iliyofungwa vizuri, na nguvu ya kuona hivyo inazidi semina nzima. Hewa inakamata hatari kabla haijaingia mwilini, hiyo ndo sifa yake kubwa. Udhaifu wake ni mkono na mdomo. Fundi betri anaweza kuwa na feni nzuri, hewa ikapimwa ikawa chini ya mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo ambayo ndo kikomo cha Marekani kwa masaa 8, na damu yake ikawa juu vile vile, kwa sababu saa 7 anakula ugali hapo hapo kwenye benchi na mikono aliyonawa maji matupu, sigara ameiweka sikioni. Jioni anarudi na ovaroli nyumbani, mke anaifua, mtoto anarukia mapajani.

Udongo na vumbi vinapimwa kwa kifaa kama bunduki cha miale ya eksirei, unaelekeza unapata namba ya risasi papo hapo. Zamfara, Nigeria, 2010 ndo mfano wa kuuma: mawe ya dhahabu yalikuwa na risasi nyingi, wakasaga kwenye viwanja vya nyumba na kwa mashine za unga, watoto zaidi ya 400 wakafa. Waliokwenda kusaidia walipima damu za watoto na udongo wa nyumba kwa nyumba, wakaondoa ule udongo KWANZA, kwa sababu kumtibu mtoto na kumrudisha kwenye uwanja ule ule ni kazi bure. Damu peke yake isingewaambia uwanja upi. Na wakati mwingine chanzo siyo kiwanda, ni sufuria iliyosubuliwa kwa chuma chakavu, au wanja wa manga mtoto aliopakwa machoni, kwa hiyo anayetafuta chanzo aingie mpaka jikoni.

Sasa wewe uko wapi

Unachoma dhahabu: mkojo na kreatinini, basi, usiongeze nywele. Mkeo ni mjamzito na jiko la kuchomea liko nyumbani: naye mkojo, na hilo jiko lihame leo, msisubiri majibu. Fundi betri: damu ya mshipa kabla hujaanza kazi, alafu kila miezi michache, maana namba moja peke yake ina nguvu ndogo kuliko kuona inapanda au inashuka. Mtoto jirani na kiwanda: kidole kwa wote, mshipa kwa watakaotoka juu, na udongo wa pale wanapochezea. Fundi wa kuchomelea: hewa, na kama unachomelea stenlesi ongeza mkojo wa kupima kromiamu, metali iliyomo kwenye stenlesi, mwisho wa wiki. Kama una nafasi ya kipimo kimoja tu na shida ni kijiji kizima, mimi ningepeleka hela kwenye damu za watoto wa chini ya miaka 5 kabla ya watu wazima, ubongo wao ndo unaoharibika na haurudi.

Siku ya kupima usitolewe sampuli eneo la kazi. Oga, badilisha nguo, nawa mikono na kucha, ndo uende. Kopo la mkojo lifunguliwe wakati ule ule na usitie kidole ndani. Kwa damu uliza kama wana chupa ya vipimo vya metali, mara nyingi ina kifuniko cha bluu iliyokolea, kwa sababu chupa za kawaida zinaweza kuwa na metali zake na kukuongezea usichokuwa nacho. Andika kwenye fomu saa uliyomaliza kazi na kazi yenyewe, "mchimbaji" haitoshi, andika "nachoma" au "nasaga".

Majibu yakija usiangalie neno kawaida, angalia namba na kipimo chake. Mikrogramu 5 kwa desilita ni sawa na 50 kwa lita, watu wameshapigwa butwaa na wengine wamefarijiwa bure kwa kuchanganya hizo mbili. Ikiwa imeandikwa mikromoli kwa lita, kwa risasi zidisha na 20.7 upate mikrogramu kwa desilita. Na hilo neno kawaida linategemea nani ameliweka: Umoja wa Ulaya kikomo cha damu kwa wafanyakazi wa risasi kilikuwa mikrogramu 70 kwa desilita miaka yote, mwaka 2024 wakapitisha kishuke mpaka 15, wakipitia 30 kwanza mpaka mwisho wa 2028. Kwa hiyo fundi mwenye 40 kwenye karatasi ya zamani alikuwa ndani ya kikomo. Muulize daktari wako ametumia kikomo cha mwaka gani na cha nani, mfanyakazi au mtoto, na aiandike pale pembeni ya namba.